Kisomo cha Jumatano

Padri alipofika kwenye wasifu wa marehemu alisoma kwamba Mwalimu Perpetua, enzi za Mwingereza, ndiye aliyeanzisha kisomo cha akina mama kule Temeke, na watu kanisani wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma na baibui langu, mjukuu wangu pembeni, nikalazimika kuziba mdomo kwa upindo wa mtandio. Si vizuri kucheka msibani, hasa msiba wa watu wa dini nyingine waliokukaribisha vizuri na kukukalisha karibu na feni. Lakini neno hilo kisomo lina kisa chake, na wenye kukijua tulikuwa tumebaki wawili, mmoja wetu yumo ndani ya jeneza. Baadaye, wakati wa wali, mpwa wa marehemu alikuja na sahani yake mkononi. "Shikamoo bibi," akasema, akaniuliza nilijuana vipi na shangazi yake. Nikamwambia alinifundisha kusoma. Nimekaa na jibu hilo wiki nzima sasa. Si uongo, ila limeruka karibu kila kitu.

Mwaka wenyewe siutaji kwa tarakimu, maana hatukuwa tukihesabu hivyo. Picha ya Malkia ilikuwa bado mpya ukutani, basi, na Temeke ilikuwa mbali kiasi kwamba ukiwaambia watu wa Kariakoo unakaa huko wanakuuliza kama simba wameshahama. Nilikuwa mke wa Seif, aliyekuwa kuli bandarini, na tulikaa chumba kimoja katika nyumba ya mama yake, Bi Tatu. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la nguo na dirisha dogo linalotazama uani palipopikiwa, kwa hiyo kila lililosemwa jikoni nililisikia nikiwa nimelala. Mwaka huo nililala sana. Nilikuwa nimejifungua mtoto wa kiume, wa kwanza, akaishi siku tano. Kwetu mtoto hupewa jina siku ya saba, hunyolewa nywele, na huchinjiwa mbuzi kama uwezo upo. Wangu hakufika huko. Bi Tatu alimwosha mwenyewe, wanaume wakamchukua asubuhi, na wali wa mchana ulikuwa haujaiva waliporudi wakaanza kunawa miguu. Matanga hayakuwekwa. Kichanga hakiwekewi matanga wala hakisomewi khitma, kwa kuwa hakina dhambi ya kuombewa. Ndivyo ilivyokuwa mtaani kwetu, na kila mwanamke aliyeingia chumbani aliniambia maneno yale yale, kwamba nisilie, mtoto wangu ni ndege wa peponi, atanipokea mlangoni na maji ya kunywa. Niliwaitikia wote. Kisha wakanifunga kifua kwa kanga ili maziwa yakauke, na yalichukua muda kukauka.

Watu wanaponisimulia majonzi yao huwa nawaonea wivu kidogo, kwa sababu mimi sikuwa na majonzi. Sikuwa na kitu. Niliamka, nikafagia, nikakuna nazi, nikachota maji, na mikono ilifanya yote hayo bila kuniuliza. Chakula nilikula. Wenzangu walitarajia nikisuse, lakini nilikula mihogo na papa mpaka nikaambiwa inatosha, maana sikuwa najua kama nimeshiba au la. Seif alirudi kazini kesho yake. Hakuwa mtu mbaya. Jioni alikuwa akikaa kizingitini ananitazama, anataka kusema jambo, halafu anauliza kama sabuni ipo. Siku moja nikawasikia uani Bi Tatu na jirani yetu Bi Mashavu wakichambua mchele. "Halii," alisema Bi Tatu. "Hata chozi, shoga." Bi Mashavu akamwambia mwache, mtoto wa kwanza huyo, atapata mwingine. "Hata kumtaja hamtaji," Bi Tatu akasema. "Kama hakumzaa yeye." Ningeweza kujibu kutoka pale kitandani kwamba nitamtajaje naye hana jina, lakini hata jibu hilo lilikuwa mbali, nikaona uvivu kulifuata. Nikageukia ukutani. Nilijua yale yalikuwa maneno makali. Nilijua tu, kama unavyojua kwamba mvua inanyesha mtaa wa pili.

Ng'ambo ya uwanja wa mpira palikuwa na jengo la Serikali tuliloliita Welfea, lenye baraza pana ambapo wanaume walicheza drafti. Ndani kulikuwa na chumba cha vitabu. Siku hizi tungesema maktaba, lakini kilikuwa na kabati mbili za wavu, meza ndefu, mabenchi, magazeti yaliyobanwa kwenye fimbo yasitoke nje, na kibao ukutani kilichoandikwa KIMYA, juu yake Malkia. Wanawake hatukuingia. Hakuna aliyetukataza, ila wanaume walijaa humo mchana kutwa, na jioni palikuwa na darasa lao la Kiingereza, basi tungepenya wapi. Likizo ya shule ilipofika walimu wa jioni walirudi makwao bara, wanaume wakabaki na drafti yao barazani na chumba kikawa wazi, ndipo wakamleta Mwalimu Perpetua akae nacho mpaka shule zifunguliwe. Alikuwa msichana wa Songea aliyelelewa na masista, mwenye miwani na soksi nyeupe ambazo vumbi la Temeke lilizimaliza siku ya kwanza. Kazi alizojipangia zingewatosha watu watatu. Asubuhi watoto waliokuwa wakizurura mitaani walikaa sakafuni wakasomewa hadithi na kupewa kikombe cha maziwa ya unga. Sanduku la vitabu lilifungwa nyuma ya baiskeli likapelekwa Yombo na Mtoni, watu waazime. Jumamosi kulikuwa na kufuma. Na kwa ajili ya Jumatano, baada ya alasiri, akabandika tangazo kwenye mlango wa Welfea na jingine pale bombani. Lilisema: KISOMO CHA WOTE. AKINA MAMA KARIBUNI.

Yeye aliandika kama walivyomfundisha. Kwao kisomo ni a, e, i, o, u. Kwetu sisi watu wa pwani kisomo ni watu wamekaa mkekani, ubani unafuka, juzuu za msahafu zinagawiwa, anasomewa marehemu au mgonjwa, halafu kahawa. Kijana mmoja anayejua herufi za Kizungu alitusomea lile tangazo bombani, akaenda zake, akatuacha na ndoo zetu.

"Kisomo cha nani?" mmoja akauliza.

"Si umesikia, cha wote," Bi Mashavu akamjibu.

"Wote kina nani?"

"Waliotangulia, shoga. Wetu wote."

Foleni nzima ikalijadili. Wako waliosema Serikali inawasomea askari waliokufa vitani. Wako waliosema ni dua ya mvua. Bi Mashavu alisema labda Bwana Welfea, yule Mzungu mkubwa wa pale, ameota ndoto mbaya akashauriwa na mpishi wake. Mimi nilisimama, ndoo imejaa inamwagika miguuni, na neno moja likanikaa. Wote. Kama ni wote, basi hata wangu yumo. Kwa miezi sikuwa nimetaka kitu chochote, hata maji niliyanywa nikipewa, na sasa nikataka hicho: mtoto wangu asomewe, japo mara moja, mbele ya watu, kama mtu aliyepita duniani. Sikumwambia yeyote. Nilijua wataniambia kichanga hakisomewi.

Jumatano tulivuka ule uwanja wa mpira tumevaa kanga za sandukuni, Bi Mashavu mbele na chetezo kinafuka, mwingine na kasha la juzuu kichwani, mwingine na birika la kahawa, na nyuma sinia la kashata. Wachezaji wa drafti wakasimama kutupisha. Mwalimu Perpetua alikuwa mlangoni. Wakubwa zake walikuwa wamemwambia wanawake wa Temeke hawatakuja, naye alikuwa ameandaa vibao vichache tu vya kuandikia, kwa hiyo alipotuona vile tulivyo wengi machozi yakamlengalenga. Alituamkia mmoja mmoja, shikamoo mama, shikamoo mama, huku akishangaa mbona tunavua viatu. Tukasogeza mabenchi ukutani, tukatandika mikeka, tukakaa. Chetezo tulikiweka chini ya Malkia, kwa kuwa ndiko upepo ulikotokea.

"Karibuni sana, mama zangu," akasema. "Nianze kwa kuuliza. Nani kati yenu hajui kusoma?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Bi Mashavu alikuwa amehitimu msahafu kabla hajavunja ungo, na swali lilimuudhi kidogo.

"Sie tumesomeshwa utotoni, mwanangu," akamwambia. "Wewe sema tu, leo tunamsomea nani?"

"Hamumsomei mtu, mama. Mnajisomea wenyewe."

Nadhani kile kibao cha KIMYA hakijawahi kutiiwa namna ile. Kwetu anayesomewa kisomo cha ubani na juzuu, kama si mgonjwa mahututi, ni maiti. Mwanamke mmoja karibu na mlango alianza kutafuta viatu vyake.

"Tungali hai, mwanangu," Bi Tatu akasema taratibu.

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana nasema muanze sasa, msingoje mpaka mwisho."

Bi Mashavu akavuta uradi wa kuomba kinga. Kisha Mwalimu, akiona nyuso zetu, akachukua kibao, akaandika a kubwa kwa chaki, akakiinua ili tukione wote, na hapo ndipo tulipoelewa. Bi Mashavu alicheka mpaka akaegemea kabati la vitabu. Kikacheka chumba kizima, na Mwalimu mwenyewe alipoelezwa kisomo chetu ni kipi aliona haya, akavua miwani akaifuta, kisha naye akacheka na kiganja mdomoni. Mimi sikucheka. Nilichokijia kilikuwa hakipo. Niliona hivyo bila uchungu, kama mtu aliyekuta duka limefungwa, nikawaza tu kwamba nitarudi nikakune nazi.

Aliyekuwa na kasha la juzuu ndiye aliyeuliza, "Sasa ubani umeshawaka, itakuwaje?" Ubani ukishawashwa watu hawakai bure. Mwalimu Perpetua alitutazama, akatazama kahawa, akatazama mikeka. "Mmekuja mmejiandaa," akasema. "Basi someni kwanza ya kwenu, kisha tusome yangu. Chumba hiki ni cha kusomea." Akaenda kukaa kizingitini, mikono mapajani, kama nadhani alivyozoea kukaa kanisani.

Khitma haianzi mpaka watajwe wanaosomewa. Bi Mashavu alizunguka, kila mtu akataja wake, na yeye akalirudia kila jina kwa sauti: mama wa huyu, mume wa yule, dada aliyefia Kilwa. Bi Tatu aliwataja wazazi wake na marehemu mumewe. Kisha ikawa zamu yangu.

"Na wewe Mwanaidi, una wako?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua.

"Huyu hana," Bi Tatu akanijibia. "Kichanga hakisomewi."

Bi Mashavu alikuwa ameshaanza kumgeukia aliyefuata. Sauti ikatoka kizingitini, ya Mwalimu, ambaye hakujua la kwetu hata moja. "Aliitwa nani?" akauliza. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo.

"Hakufika siku ya saba, mwalimu," Bi Tatu akamwambia, tena kwa upole. "Hana jina."

Basi wakasoma. Nilikaa katikati ya sauti zile nikikitazama kile kibao cha ukutani, ambacho wakati huo nilidhani ni pambo. Mwenzangu akinipa kashata, nakula. Akinipa kahawa, nakunywa. Kisha tukapewa chaki.

Ikawa hivyo kila Jumatano likizo ile: ubani kwanza, irabu baadaye. Wako waliokerwa na mchanganyiko huo wakaacha kuja, lakini wengi tuliendelea. Bwana Welfea alipita siku moja, akasimama barazani akasikiliza Kiarabu kikitoka kwenye chumba cha vitabu, akamuuliza Mwalimu wanafanya nini. "Wanasoma, Bwana," akajibu, na yule bwana akaondoka ameridhika. Mimi herufi zilinishika upesi, na sijisifu, ni kwamba kichwa kilikuwa kitupu na chochote kilichotiwa kilipata nafasi. Nilisoma makopo ya mafuta ya taa, nilisoma magunia, nilisoma kibao cha KIMYA nikajua kinasema nini, na hakuna hata kimoja kilichonifurahisha. Mwalimu alidhani mimi ni mwanafunzi mwenye bidii. Aliniazima kitabu cha hadithi za watoto nikakimaliza nikakirudisha, akaniuliza nimekipendaje, nikamwambia ni kizuri. Hata leo sikumbuki kilihusu nini. Ninachokumbuka ni Bi Tatu. Chaki hakuishika hata mara moja, alisema vidole vyake vimezoea kisu. Lakini hakukosa Jumatano. Hata siku aliyokuwa na homa alijifunga shuka akaja. Nilidhani anakuja kunilinda nisimtie aibu. Kila Jumatano aliwataja wazazi wake, akamtaja mumewe, kisha akanyamaza kidogo, mdomo bado wazi, na Bi Mashavu akapita kwangu, nami nikatikisa kichwa kwamba sina.

Tulibaki na urafiki na Mwalimu Perpetua miaka mingi, alihamia Chang'ombe, tukatembeleana Idi na Krismasi, akala pilau langu nami nikala keki yake iliyokuwa ngumu siku zote. Hili la Jumatano ya mwisho, hata hivyo, sikuwahi kumweleza. Alikuwapo, tena karibu, ila alikuwa akihesabu vibao na kuvifuta kwa kuwa wiki iliyofuata shule zinafunguliwa na chumba kinarudi kwa wanaume. Joto lilikuwa kali. Wengine walikuwa wameshaanza kuzungumzia ni nyumba gani itakayotupokea, na wote tulijua hakuna, maana mambo yakishatoka mahali pake hufa. Bi Mashavu alizunguka haraka haraka. Alipofika kwa Bi Tatu, wakatajwa wazazi, akatajwa mume. Bi Tatu akanyamaza kama kawaida yake, na Bi Mashavu akanigeukia.

"Sijamaliza," Bi Tatu akasema. "Na Hamisi bin Seif."

"Hamisi yupi, shoga? Seif gani?"

"Seif wangu mie. Mtoto wa huyu." Hakunitazama. "Alizaliwa Alhamisi, nikamwita Hamisi. Nilikuwa namwita nikimwosha."

Bi Mashavu aliweka chetezo chini. "Si wewe uliyesema kichanga hakisomewi?"

"Nilisema. Na leo nasema msomeni."

Watu wakatazamana. Angeweza kukataa, Bi Mashavu, na angekuwa na haki, kwa kuwa katika mambo hayo yeye ndiye aliyekuwa mjuzi wetu. Lakini alivuta kanga yake vizuri, akasema, "Hamisi bin Seif," kwa sauti ile ile aliyowatajia wazee na mabwana wa watu, wala hakuipunguza. Kisha akafuata utaratibu, akanigeukia.

"Na wewe Mwanaidi, una wako?"

"Ameshatajwa," nikasema.

Wakasoma. Nilianza kuumwa kifuani mahali walipokuwa wamenifunga ile kanga, maumivu ya kweli, ya mwili, nikadhani naugua. Nikainama. Nilikuwa nikilisikia lile jina ingawa hakuna aliyelitamka tena, na nilikuwa nikiogopa kwamba likipita sitalipata. Walipofika kwenye dua nikaitikia amina, nikachelewa, sauti yangu ikabaki peke yake chumbani baada ya za wenzangu kuisha. Mwalimu akainua uso kutoka kwenye vibao vyake akanitabasamia. Alidhani nimefurahi kuhitimu.

Tulirudi mimi na Bi Tatu nyuma ya wenzetu, yeye na mkeka kwapani, mimi na birika tupu. Tulipoikaribia barabara akapunguza mwendo.

"Wewe ulikuwa ukimwita nani?" akaniuliza.

"Simwiti, mama."

Akatembea hatua chache. "Basi mwite Hamisi," akasema. "Mie nimechoka kumwita peke yangu."

Hapo ndipo nilipolia, katikati ya njia, mchana kweupe, watu wakinipita na baiskeli zao, na Bi Tatu akasimama pembeni yangu na mkeka wake akingoja nimalize.